Digrii Ishirini na Tano

Nilifika Januari, barafu imeng'ata kamba za ngazi.
Tegwen akafungua mlango nusu, kama anayebishiwa na mdai.
Nyuma yake kaka yake, Goronwy, soksi mguu mmoja:
"Dishi," akasema, kabla sijasalimu.
"Antena," akasema dada.
Miaka sabini wanakula meza moja
na sidhani wamewahi kukubaliana hata juu ya chumvi.

Bonde lao ni jembamba, kama ala ya kisu.
Jua la Wales huingia saa nne, saa nane limeshaaga.
Mawimbi nayo ni hivyo hivyo, hupita juu ya vichwa vya watu
yakiwahi mijini,
isipokuwa yale machache ya mlingoti wa Bryn Hesgin,
mfupi, kutu kiunoni,
ambao baba yao alipandisha saruji yake kwa farasi,
mifuko kumi na minne, na mvua ikaharibu mitatu.
"Ule tuliujenga," Tegwen aliniambia.
"Hiyo setilaiti yako kaijenga nani?"
Sikuwa na jina la kumpa.

Mimi ni fundi. Kipimo changu hakina ukoo.
Nikapanda. Antena ya zamani imepoteza vidole viwili,
kunguru wameifanya baraza.
Arobaini na moja, kipimo kikasema, thelathini na nane, arobaini.
Picha ipo, ila upepo ukikohoa, chenga.
Nikageukia kusini-mashariki.
Huku kwetu setilaiti haikai utosini:
digrii ishirini na tano tu juu ya upeo,
inachungulia kama jirani juu ya ukuta.
Na hapo katikati, mwaloni.
Mtupu. Anga nzima ilipenya matawini.
Kipimo kikaimba. Goronwy akapiga kofi.

Nikafunga dishi. Nikapokea hela. Nakiri:
fundi wa kweli angeuliza mti huu unavaa lini.

Februari, Machi, kila kitu kioo.
Raga mchana, raga usiku,
habari za nchi ambazo Goronwy hawezi kuzitamka.
Tegwen alihamia jikoni na redio yake,
akingoja, kama mtu anayeijua kalenda.
Wiki ya pili ya Mei simu ikalia.
"Majani yametoka," akasema,
akakata.

Nilikuta msumeno umeegemezwa ukutani
na Tegwen ameketi mbele yake, anamenya viazi.
"Mti huu hauna faida," Goronwy akaniambia mimi.
"Na wewe je?" akauliza dada, macho kwenye kiazi.
Nilisimama pale na ngazi begani,
nikiwa mtu wa tatu katika ugomvi
ulioanza kabla mama yangu hajazaliwa.

Nikahesabu hatua: themanini na mbili hadi zizini.
Kule kivuli cha mwaloni hakifiki.
Dishi likahamia kwa kondoo,
runinga kuukuu juu ya pipa la chakula chao,
na kigoda. Goronwy hakushukuru, ila alibeba kigoda mwenyewe.
Kwenye dohani nikasimamisha antena mpya, ndefu,
nikaielekeza Bryn Hesgin, iliko saruji ya baba yao.
Sitini na tatu.
Sikutoza kazi. Nilitoza vyuma tu, na waya.

Jumamosi moja ya Novemba nilipita na gari,
mvua ile nzito, ile inayokula mawimbi ya angani
hadi kioo kibaki cheusi.
Taa ya zizi ilikuwa inawaka bure.
Goronwy alikuwa anakatiza uani, gunia kichwani,
dakika kumi mechi iishe,
anakimbia, na miaka yake sabini na saba,
akipita chini ya mwaloni,
na Tegwen kizingitini, mikono kinywani,
anamtangazia matokeo.